Kabla Hujausingizia Mtandao

Kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la huduma hapa nchini analijua jibu hili: "Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Linasemwa benki, linasemwa hospitali, linasemwa stendi. Mhudumu simlaumu, maana anachokiona yeye ni kiduara kinachozunguka kwenye skrini bila kufika popote. Ila mimi kazi yangu ni kutunza kanzidata, yaani yale maghala ya taarifa ambamo majina, salio, viti na stakabadhi hukaa, na naomba leo niutetee mtandao. Mara nyingi nikiitwa usiku naukuta mzima. Nyaya zinapitisha, seva zimewaka, kanzidata yenyewe imekaa kimya kama haina wateja. Kilichokwama ni kitu kidogo kilicho kati ya programu na kanzidata, ambacho nje ya fani yetu hakisikiki kabisa: akiba ya miunganisho. Mafundi tunaiita puli.

Ukibonyeza "Nunua tiketi", simu yako haiongei na kanzidata. Inaongea na programu iliyo kwenye seva, na programu ndiyo inayokwenda kuuliza: kiti namba 14 cha basi la saa 12 asubuhi kimeshauzwa? Ili iulize inahitaji muunganisho, na muunganisho una gharama. Kwanza kompyuta mbili zinasalimiana kwa itifaki ya TCP, salamu ya hatua 3. Kama mazungumzo ni ya siri, zinapatana funguo. Halafu nywila, ambayo siku hizi haitumwi waziwazi bali huthibitishwa kwa mahesabu yaliyofanywa mazito makusudi ili mwizi achoke kubahatisha. Mwishowe, kanzidata ikiwa ni PostgreSQL, inazaa mchakato mpya mzima ndani ya mashine kwa ajili ya mgeni huyo mmoja. MySQL hufanya kwa wepesi zaidi, humpa uzi ndani ya mchakato uleule, lakini nayo haifanyi bure. Shughuli yote hiyo ni kwa ajili ya swali ambalo kulijibu kunachukua milisekunde 2 au 3.

Fikiria kisima cha kijiji chenye ndoo 10 na kamba zake. Hakuna anayekwenda dukani kununua ndoo kila akitaka maji. Unachukua iliyopo ukingoni, unateka, unamimina kwenye dumu lako, unairudisha, mwenzako anaidaka. Watu 200 wanaweza kuteka asubuhi moja kwa ndoo hizo bila ugomvi, mradi kila mmoja aachie akishamaliza. Puli ndiyo hiyo. Programu ikiwaka hufungua miunganisho michache, huiweka tayari, na kila ombi la mteja huazima mmoja, hutumia, hurudisha. HikariCP, ambayo ndiyo puli inayotumika zaidi kwenye programu za Java, usipoigusa huja na miunganisho 10, na anayekosa husubiri hadi sekunde 30 kabla ya kurudishwa mikono mitupu. SQLAlchemy ya upande wa Python huweka 5, na huruhusu 10 ya ziada pakiwa na msongamano.

Hizo sekunde 30 zishike vizuri, kwa sababu ni alama ya kwanza ninayoitafuta. Mfumo ukikataa papo hapo, tatizo liko mahali pengine. Ukikaa, ukakaa, halafu ukatoa kosa kwenye sekunde ya 30 kila mara, kwa watu tofauti, kwenye kurasa tofauti, basi kuna foleni ya kungoja kitu kinachoazimwa, na waliokiazima hawakirudishi.

Kampuni moja ya kuuza tiketi za mabasi, ambayo jina lake nitalihifadhi, iliniita katikati ya Desemba. Anayeishi Dar es Salaam anajua Desemba ina maana gani: Wachaga wanapanda kwenda Kilimanjaro kula sikukuu, na nusu ya jiji inaonekana kuwa na shemeji Moshi. Mfumo wao ulikuwa umefanya kazi mwaka mzima bila kelele. Wiki hiyo, kuanzia saa 1 jioni watu wakitoka kazini, ulikuwa unaganda. Wateja walibonyeza tena, na kila aliyebonyeza tena aliongeza mtu mmoja kwenye foleni ilhali ombi lake la kwanza bado limesimama humo humo. Wapiga debe wa stendi ya Mbezi waliuza tiketi za mkono kama zamani.

Nilipofika, meneja alikuwa ameshatoa dawa. Aliambiwa miunganisho haitoshi, akasema ongezeni. Programu yao ilikuwa inaendeshwa kwa nakala 4, kila nakala na puli yake ya miunganisho 10. Wakapandisha kila puli kuwa 25. Piga hesabu: 4 mara 25 ni 100. PostgreSQL, mpaka uibadilishe mwenyewe, hupokea miunganisho 100 kwa jumla, na katika hiyo hutenga 3 kwa ajili ya msimamizi mkuu. Iliyobaki ni 97. Kwa hiyo sasa mfumo uliganda vilevile, na juu yake kanzidata ikaanza kutoa kosa linalosema nafasi zilizobaki zimetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu. Hata programu ya kuhifadhi nakala za usiku ilifungiwa nje.

Zile nafasi 3 za msimamizi ndizo zilizoniingiza mimi. Nilishukuru, kwa sababu si kila mahali utazikuta. Wako watengenezaji wa mifumo wanaoipa programu yao akaunti ya msimamizi mkuu kwa kukwepa usumbufu wa kupanga ruhusa, na siku ya balaa programu inakula hata nafasi za akiba. Ukikuta hivyo, kilichobaki ni kuizima programu kwanza ndipo uingie.

Nilichokiona ndani hakikufanana na kanzidata iliyoelemewa. Prosesa haikufika hata asilimia 5. Diski zilikuwa zimetulia. Miunganisho 97 imejaa, na kazi hakuna.

Hapo ndipo dawa ya "ongezeni" inapoumbuka, na ningependa meneja yeyote anayesoma hapa asimame kidogo. Seva yao ilikuwa na viini 8 vya prosesa. Kiini kimoja hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukikipa mambo 12 hurukaruka kati yake, na kila kuruka ni muda uliopotea. Kanuni inayozunguka kwa watu wa PostgreSQL, na ambayo HikariCP imeinukuu kwenye maelekezo yake, inasema anza na idadi ya viini mara 2, jumlisha idadi ya diski zinazozunguka. Kwa seva ile ni kama miunganisho 17. Kwa diski za kisasa zisizozunguka, ichukulie kuwa mahali pa kuanzia kupima, lakini ona umbali uliopo kati ya 17 na 100. Wahandisi wa Oracle wanaoshughulikia utendaji waliwahi kurekodi onyesho ambamo puli ya miunganisho 2,048 ilipunguzwa mpaka 96 bila kugusa kitu kingine. Muda wa kujibu ulishuka kutoka karibu milisekunde 100 hadi karibu milisekunde 2. Watu wengi nikiwasimulia hawaamini mpaka wajaribu kwao. Ndoo 100 kwenye mdomo wa kisima kimoja zinagongana tu.

Basi swali la maana lilikuwa ni nani ameshika miunganisho ile 97, na ameishika ili afanye nini. PostgreSQL ina jedwali la kuangalia linaloitwa pg_stat_activity, na kwa maoni yangu ndilo jedwali muhimu kuliko yote kwenye kazi hii. Linaonyesha kila muunganisho, umetoka programu gani, swali lake la mwisho ni lipi, na uko katika hali gani. Hali zinazonihusu ni 3. Kuna unaofanya kazi. Kuna uliotulia, yaani umerudishwa kwenye puli unangoja mtu. Na kuna hali ya tatu, mbaya kuliko zote: umetulia ndani ya muamala. Maana yake programu ilisema "ninaanza muamala", ikauliza jambo, ikajibiwa, halafu ikaondoka kwenda kufanya mengine bila kusema "nimemaliza". Kanzidata haiwezi kuuachia muunganisho huo, wala haiwezi kufungua vitu ambavyo muamala umevifungia.

Karibu miunganisho yote ilikuwa kwenye hali hiyo ya tatu, na swali la mwisho la kila mmoja lilikuwa lilelile: nipe mstari wa kiti hiki na uufunge asiuguse mwingine.

Nikamwita kijana aliyeandika sehemu ya malipo. Kijana mzuri, anaandika msimbo safi, na alikuwa hajalala.

"Mdogo wangu, mteja akichagua kiti unafanya nini?"

"Naanza muamala dada, nakifunga kiti ili wawili wasikinunue. Halafu natuma ombi la malipo kampuni ya simu."

"Halafu?"

"Halafu nasubiri mteja aweke namba ya siri."

Alinyamaza. Nadhani alijisikia mwenyewe kabla sijasema kitu.

Kila anayelipa kwa simu anajua kinachotokea hapo. Ujumbe unatokea kwenye skrini, weka namba ya siri. Mteja anaangalia salio kwanza. Anamwuliza mkewe kama watoto wanalipiwa nusu. Simu inaita, anapokea. Muda wote huo, kwenye seva iliyo mbali naye, muunganisho mmoja wa kanzidata umesimama ukimngoja. Anayepima kasi ya mfumo sasa si prosesa tena, ni kidole cha mtu. Na aliyetaka kiti hichohicho cha mbele dirishani, ambacho kila mtu hukitaka, naye alikuwa ameazima muunganisho wake na kuja kusimama nyuma ya kufuli.

Hesabu ya jambo hili ni kongwe kuliko kompyuta tunazotumia. Mdenmark A. K. Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 utafiti wake wa kwanza kuhusu jinsi simu zinavyogongana kwenye laini chache. Mwaka 1961 John Little wa Marekani akathibitisha kanuni fupi ambayo mtu anaweza kuifanya kichwani: idadi ya walio ndani kwa wastani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Chukua mfano wa wateja 4 kila sekunde. Kila mmoja akishika muunganisho kwa sekunde 0.05, unahitaji 4 mara 0.05, yaani 0.2. Hata muunganisho mmoja haujai. Kila mmoja akiushika kwa sekunde 25 akitafuta namba ya siri kichwani mwake, unahitaji 4 mara 25, ambayo ni 100. Wateja ni walewale 4. Ndiyo maana mfumo ulienda vizuri toka Januari: wanunuzi walikuwa mmoja mmoja, na kidole cha mmoja hakikuzuia mwingine. Desemba haikuleta ubovu mpya, iliuzidisha ule uliokuwepo.

Ukiiangalia kanuni hiyo, unaona meneja alikuwa anahangaika na upande usio wake. Kasi ya wanaoingia huwezi kuipunguza, ni biashara yako. Kinachobaki mkononi mwako ni muda wa kushika.

Tuliukata muamala vipande viwili. Cha kwanza: kiandike kiti kuwa kimeshikiliwa, kwa jina la nani, na kitaachiwa saa ngapi, funga muamala, rudisha muunganisho. Hapo ndipo ombi la malipo linatumwa, na mteja achukue muda wake, amwulize mkewe, apokee simu. Majibu ya kampuni ya simu yakirudi, azima muunganisho upya, hakikisha kiti bado ni chake, andika kuwa kimelipiwa, funga. Asipolipa ndani ya dakika zilizopangwa, kiti kinarudi sokoni. Upo ukingo mmoja unaohitaji akili: malipo yanayofika baada ya kiti kuachiwa. Kijana aliandika njia ya kumtafutia mteja huyo kiti kingine kwenye basi hilohilo, na kikikosekana fedha zirudi. Hilo lilituchukua muda mrefu kuliko kingine chote, kwa kuwa halikuwa suala la kompyuta bali la nani kwenye kampuni ana mamlaka ya kurudisha fedha.

Puli zikashushwa kutoka 25 kila moja hadi 5. Nne mara tano, 20. Meneja aliniangalia kama niliyempokonya matairi ya basi. Jioni mfumo ulipita saa 1, ukapita saa 2, na miunganisho mingi ilikuwa imetulia kwenye puli inangoja kazi.

Si kila puli iliyokauka ina kisa kirefu hivi. Mara nyingi ni uvujaji wa kawaida: programu inaazima muunganisho, katikati linatokea kosa, na njia ya kosa haina sentensi ya kurudisha. Mmoja unapotea leo, mwingine kesho, na wiki ikiisha puli ni tupu. Dalili yake ni kwamba ukiwasha programu upya inapona, halafu inaugua tena polepole. Ukisikia fundi anasema "tukiizima na kuiwasha inakuwa sawa", kuna muunganisho unavuja. HikariCP ina kengele ya hilo: unaiambia muunganisho ukikaa nje zaidi ya muda fulani, iandike ni mstari gani wa programu uliouazima. Watu wengi hawaiwashi.

Kuna ya Jumatatu asubuhi pia. Ofisi imefungwa wikiendi, miunganisho imekaa kwenye puli bila kutumika. MySQL hukata muunganisho usiosema kitu kwa sekunde 28,800, ambazo ni saa 8. Fayawoli zilizopo njiani hukata mapema zaidi, tena bila kumwambia mtu. Puli haijui, inamkabidhi mteja wa kwanza wa asubuhi muunganisho uliokufa. Dawa ni kuupa kila muunganisho umri wa kustaafu ulio mfupi kuliko uvumilivu wa kanzidata na fayawoli. HikariCP huanza na dakika 30.

Na kuna hili la kisasa, la seva zinazojiongeza zenyewe wateja wakizidi. Kila nakala mpya inakuja na puli yake, kwa hiyo kadiri msongamano unavyopanda, ndivyo kanzidata inavyovamiwa na miunganisho ambayo haikuiomba. Hapo huwa naweka mlinzi wa katikati, PgBouncer, iliyotoka kwa wahandisi wa Skype mwaka 2007. Nakala zote zinaongea nayo, na yenyewe inaongea na kanzidata kwa miunganisho michache, ikigawa kwa kila muamala. Lakini nisieleweke vibaya: kwa kampuni ile ya mabasi PgBouncer isingesaidia chochote, maana muamala wenyewe ndio uliokuwa umeshikwa. Nimekuta mahali wameiweka ikiwa dawa ya ugonjwa huohuo, wakashangaa foleni imehamia kwake.

Kabla sijaondoka pale niliweka kikomo kimoja. PostgreSQL, tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, inakubali uiambie kwamba muamala uliotulia kupita muda fulani ukatwe. Niliweka sekunde 30, ili siku kijana mwingine akisahau, aumie yeye peke yake na si stendi nzima. Wa kwanza kukatwa hakuwa kijana yeyote. Alikuwa mhasibu mkuu, mama mtu mzima, ambaye alikuwa na programu ya kuchungulia mauzo moja kwa moja kwenye kanzidata.

"Mwanangu, hilo dirisha langu huwa nalifungua asubuhi, nalifunga nikienda nyumbani," aliniambia kwenye simu. "Miaka yote halijawahi kumdhuru mtu."

Tukampa akaunti yake mwenyewe, inayosoma nakala ya kanzidata iliyo kwenye seva ya pembeni, yenye kikomo kirefu zaidi cha muda na ukomo wa miunganisho 2. Akataka kujua kwa nini 2 na isiwe 1. Nikamwambia wa pili ni wa siku atakapousahau wa kwanza.